Chumba Kilichomsubiri Mgeni Rasmi

Benigna Ntakirutimana alikuwa na tabia moja iliyowachosha walimu wote wa Sekondari ya Itulo: ukimwambia "subiri", alikuuliza "mpaka lini?" Si kwa ujeuri. Aliuliza kwa adabu, mikono nyuma, shikamoo imetangulia, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kumwadhibu. Wazazi wake walitoka Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, wakaja huku kulima tumbaku, na nyumbani kwao husikii ila Kirundi. Lakini hilo "mpaka lini" alilisema kwa Kiswahili kilichonyooka.

Itulo si mbali na stesheni ya Usoke kwa bodaboda, kwenye njia ile ile waliyopita wapagazi wa zamani na mizigo yao mabegani. Pembe za ndovu zimekwisha, siku hizi tunabeba wanafunzi wagonjwa. Aliyebebwa kuliko wote ni Advera, rafiki wa Benigna aliyekaa naye dawati moja. Advera ana sikoseli. Maumivu yakimshika, mifupa inamuuma mpaka hawezi kusimama, na anachohitaji kwanza ni pa kulala, maji ya kunywa na kitu cha kumtia joto. Shule ilimpa sakafu ya barazani. Akitulia kidogo, wenzake walimpakia kwenye keria ya baiskeli, mmoja akisukuma, mwingine akimshikilia mgongo, wakampeleka zahanati.

Msidhani shule haikuwa na chumba cha wagonjwa. Kilikuwapo, tena kizuri. Wazazi tulifyatua matofali, mfadhili akaleta bati na kitanda, kuta zikapakwa rangi ya bluu, na godoro likawekwa ndani likiwa bado kwenye nailoni yake. Tatizo lilikuwa moja tu: chumba hakijazinduliwa. Mlango ulikuwa na kufuli na utepe mwekundu, na ukutani kulikuwa na kibao chenye nafasi tupu ya jina la mgeni rasmi. Mgeni huyo alitazamiwa kabla ya mvua, akapata udhuru. Tukapanda tumbaku, akapata udhuru. Sasa tulikuwa tunavuna, naye amepangiwa majukumu mengine.

Mwalimu Amon, mkuu wa shule, si mtu mbaya. Ni mtu wa itifaki, jambo ambalo mara nyingine ni baya zaidi. Alihofia mgeni akija akakuta godoro limeshalaliwa, ataona amedharauliwa. Benigna, mwenyekiti wa klabu ya afya, alimfuata ofisini.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Benigna. Najua ulichojia."

"Advera amelala barazani tena, mwalimu. Tunaomba tumwingize chumbani."

"Chumba gani? Kile kitakuwa chumba kikishazinduliwa."

"Na kwa sasa ni nini, mwalimu?"

Mwalimu Amon alifikiri. "Kwa sasa ni jengo," akasema.

Klabu ya afya haikukata tamaa. Waliandika risala, ikapitiwa na walimu, ikarudi ombi lao limegeuka pongezi. Wakatunga ngonjera kali kuhusu wagonjwa wanaolala sakafuni. Mwalimu Amon aliipenda mno, akaiweka kwenye ratiba ya siku ya uzinduzi.

Kisha Venansi, baba yake Advera, akasikia kwamba mwanawe amelazwa tena kwenye saruji. Alituma ujumbe kwamba Ijumaa anakuja kumchukua moja kwa moja. Afadhali awe nyumbani bila cheti kuliko afie barazani. Advera, anayetaka kuwa muuguzi tangu utoto, alilia siku nzima. Benigna alimfuata Damas, kiongozi wa skauti, akamuuliza mtu anakuwaje mgeni rasmi.

"Tukishamvisha skafu na ngoma ikalia, basi," Damas akajibu. "Hakuna anayeuliza tena."

Ijumaa asubuhi maumivu yalimshika Advera. Alikuwa barazani, amefunikwa sweta la Benigna, pale Venansi alipoingia na baiskeli yake, amevaa koti la kanisani kwa sababu ofisini mtu haendi ovyo. Getini skauti walisimama wima, wakapiga saluti, wakamvisha skafu. Ngoma ikalia. Wanafunzi wakamiminika kutoka madarasani wakiimba wimbo wa kumlaki mgeni, nasi wazazi tuliokuwa jirani tukaifuata ngoma. Mwalimu Amon aliposikia ngoma, miguu ilitoka ofisini kabla ya akili. Alipomtambua mgeni, alikuwa ameshamshika mkono, na shule nzima imesimama. Kumvua mtu skafu mbele ya wanafunzi hakumo katika itifaki yoyote. Basi akamkaribisha mpaka mbele ya mlango wenye utepe.

Benigna alileta mkasi kwenye sinia. Venansi, mtu mpole asiyesema neno hata kwenye mkutano wa chama cha msingi cha wakulima, aliombwa aseme machache kwanza. Akaigusa skafu. Akakohoa.

"Ndugu mkuu wa shule, walimu, wanafunzi, itifaki imezingatiwa," akaanza.

Jamani! Akawashukuru wazazi. Akasimulia alivyosoma yeye. Akaingia kwenye mbegu za tumbaku, akatoka, akasifu nidhamu, tukapiga makofi, naye akaanza upya. Skafu ile ina kitu, nawaambia. Ungemvisha mbuzi angetoa hotuba. Na nyuma yake, pale barazani, hatua chache tu, mwanawe alikuwa ameng'ata mkono wa sweta ili asije akapiga kelele na kuharibu shughuli. Nilimwona. Sote tulimwona, na hakuna aliyethubutu kusogea kabla mgeni hajamaliza. Hilo linaniuma mpaka leo.

Benigna akamsogelea na sinia lake. "Shikamoo baba," akasema. "Advera yuko nyuma yako."

Venansi aligeuka. Alichukua mkasi akakata utepe, kombo, Mwalimu Amon akafungua kufuli. Venansi alimbeba mwanawe mwenyewe, akaichana nailoni, akamlaza, akamfunika kwa koti la kanisani.

Nje tulikuwa bado tumesimama, kwa kuwa mgeni rasmi haondoki bila kutoa ahadi ya saruji au bati. Mwalimu Amon, kwa mazoea tu, alichungulia ndani akanong'ona, "Mgeni rasmi, bado ahadi."

Venansi alitokeza mlangoni, macho yamelowa.

"Mimi sina mfuko wa saruji," akasema. "Nilikuja kumchukua mtoto wangu. Sasa namwacha kwenu. Ahadi mtoe ninyi."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu Amon akamuuliza Benigna, kwa sauti ndogo, maji ya kumpa Advera yako wapi.