Mchungaji Pyo Sasa Anasugua Migongo

Saa kumi na mbili alfajiri, nje bado giza, na wazee waliotoka kanisani kwenye sala ya alfajiri wanaingia hamamu mmoja mmoja. Biblia wanaziweka kabatini pamoja na soksi na suruali, ufunguo wanaufunga kwenye kifundo cha mguu, kisha wanajitosa kwenye maji ya moto huku wakiguna. Pyo Gil-hwan yuko kwenye kona yake, amevaa kaptura tu, anamwagia maji meza yake ya plastiki.

"Haya, mzee wangu, panda."

Anayepanda ni Mzee Tak, mstaafu wa bandari ya hapa Gunsan, Korea Kusini, na mteja wa kila wiki. Analala kifudifudi na kuanza malalamiko hata kabla hajaguswa.

"Leo taratibu. Wiki iliyopita ulinichuna kama unamenya viazi."

"Nongo zenyewe za tangu enzi za vita, mzee. Ukitaka taratibu kaogee nyumbani."

"Nyumbani nitasuguliwa na nani? Yule bibi hata supu hanipashii."

Pyo anacheka kidogo, anavaa mkononi kitambaa chake cha kukwaruza, anaanzia shingoni. Hasemi "geuka". Anapiga kofi jepesi kiunoni na mzee anageuka mwenyewe. Nongo zinatoka za kijivu, zinajiviringisha, zinamwagiwa maji, zinakwenda. Kwa kazi hiyo analipwa won elfu ishirini kwa kila mteja. Siku ya baridi kali hujaza meza hadi jioni, na siku nyingine hukaa akitazama mvuke.

Ana miaka hamsini na sita. Viganja vyake vimejikunja kwa maji, na kifundo cha mkono wa kulia amekifunga bendeji ambayo haikauki kamwe. Ukimuuliza amechoka kiasi gani, anajibu kama mtu aliyeulizwa ni saa ngapi.

"Nimechoka. Nililala nimechoka, nimeamka nimechoka. Lakini mwili huu uchovu wake una adabu. Ukiupa supu ya machipukizi na wali, unanyamaza."

Anapotaja mwili, inaonekana kuna uchovu mwingine asioutaja. Hadi mwanzoni mwa baridi hii, hakuna mtu katika hamamu hiyo aliyejua kwamba fundi huyu alikuwa mchungaji wa kanisa kwa miaka kumi na moja. Mzee Tak alikuwa akimsimulia mahubiri ya kila alfajiri, neno kwa neno, na Pyo akiitikia "ee" na "kumbe" kama mtu asiyejua Agano la Kale na Jipya lipi lilitangulia.

"Nchi hii kila mtu anaitwa kwa cheo," anasema. "Hata muuza samaki lazima ajue wewe ni nani ndipo akuite. Humu ndani, mtu akishavua nguo, mkurugenzi na mlinzi wake huwatofautishi. Na mimi ni fundi, basi. Niliipenda sana hiyo. Nilijificha vizuri."

Kanisa lake lilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la kuku wa kukaanga, na waumini walizoea kuimba huku wakimeza mate. Walipokuwa wengi walifika arobaini. Kisha kazi za viwandani zikapungua, vijana wakahama na watoto wao, na kila Jumapili benchi moja zaidi likawa halina mtu. Waliobaki walikuwa wazee, na wazee nao wakaanza kufa.

Hata hivyo sala ya alfajiri haina likizo. Uwe na waumini elfu au uwe na mmoja, saa kumi na moja mchungaji awe amefungua mlango na kuwasha jiko la mafuta. Mwishoni alikuwa naye mmoja tu, Bong Ok-nam, mjane aliyekuwa akiuza dagaa wakavu sokoni, mwenye umri wa karibu miaka themanini. Alipanda ngazi ya chuma ya nje kila alfajiri, mkoba kwapani, akaketi benchi la mbele na kupaza sauti, "Bwana! Bwana! Bwana!" mpaka vioo vikatetemeka.

"Watu wanadhani kanisa linakufa siku likifungwa," anasema Pyo. "Langu lilikufa mimi nikihubiri. Namhubiria mama mmoja, naye anasinzia. Kuna alfajiri nilikuwa namwomba Mungu huyu mama asije, ili nirudi kulala. Mchungaji anaomba muumini wake wa mwisho asije. Fikiria hilo."

Halafu ikaja alfajiri moja ya Januari. Usiku kulinyesha theluji, ikayeyuka, ikaganda. Pyo alikuwa akiishi chumba cha nyuma ya kanisa, na mkewe, Seo In-ja, alikuwa Jeonju akimuuguza mama yake. Saa ya kuamshia ililia. Akawasha taa, akaketi kitandani, akaitazama suruali yake iliyotundikwa ukutani, na hakuweza kunyanyuka kuichukua.

Mama Bong akapanda. Akagonga. Akangoja, akagonga tena, akaita, "Mchungaji!" Pyo alikuwa hatua chache nyuma ya ukuta. Hakuitika. Akajilaza, akajifunika blanketi, akasikia miguu ikishuka ngazi polepole.

Hakusikia zaidi. Mpeleka maziwa ndiye aliyemkuta mama wa watu chini ya ngazi, nyonga imevunjika, midomo imebadilika rangi kwa baridi.

Kwa kila aliyeuliza, Pyo alijibu kwamba alikuwa na homa kali, hakusikia kitu. Alikwenda hospitali mara moja, na katoni ya juisi mkononi kama inavyotakiwa. Alifika hadi mlango wa wodi, akamwona mtoto wa kiume wa mgonjwa ameketi kando ya kitanda, akaiacha juisi mezani kwa wauguzi na kushuka. Miezi miwili baadaye alifunga kanisa. Benchi zilipata wanunuzi. Msalaba mwekundu wa taa, ule wa juu ya paa, haukupata mtu, ukachukuliwa na mnunuzi wa vyuma chakavu.

Kwa miaka minne hakuomba. Si kwamba aliacha kuamini, na hilo analisema kwa kulisisitiza. "Ningekuwa siamini ningelala usingizi. Mimi niliamini, nikaona aibu. Utamwambia nini mtu uliyemsikia anagonga ukanyamaza?"

Mkewe, anayepika katika shule moja ya msingi, anaikumbuka miaka hiyo kwa yaliyokuwa yakitokea mezani wakila. "Nilimwambia, baba, basi omba hata kwa ajili ya chakula. Anafumba macho, anafumbua, anachukua kabichi ya kimchi. Nikawa naomba mimi kwa sauti, yeye anatafuna. Nilikasirika, mwisho nikazoea. Jumapili mimi kanisani, yeye hamamu. Ndoa yetu ilikuwa hivyo."

Mambo yalibadilika mwezi Novemba, kwenye meza yake ya kusugulia. Alipanda mteja mgeni, mwanamume mnene wa makamo, dereva wa lori. Akalala kifudifudi, na kama wanavyofanya wengi wakilazwa pale, akaanza kuyamwaga ya moyoni kwa mtu asiyemwona uso.

"Fundi, sugua vizuri, nina wiki mbovu. Makao ya wazee wananipigia simu kila siku. Mama yangu anawaamsha chumba kizima."

"Anaumwa?"

"Anaumwa nini! Ana nguvu kuliko mimi. Saa kumi na nusu yuko macho, amevaa, mkoba kwapani, ameketi ukingoni mwa kitanda. Ukimuuliza, eti namsubiri mchungaji, amechelewa. Miaka minne! Alimwacha nje kwenye barafu, mama akavunjika nyonga, na bado anamsubiri. Sasa wanasema asipoacha kelele wanamhamisha. Fundi, ningempata yule mchungaji..."

Mkono wa Pyo ulisimama. Mteja akadhani zamu ya kugeuka imefika, akageuka mwenyewe, akalala chali, wakatazamana.

"Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza tena," anasema Pyo. "Hakunijua. Nilinyoa nywele, nimekonda, sina tai. Ningemsugua, angelipa, angekwenda. Nilijua kabisa kwamba nikinyamaza na safari hii, basi, nimekwisha."

Akasema, "Mimi ndiye."

Mwanamume huyo, Ma Jeong-sik, ndiye aliyesimulia kilichofuata, tena kwa kusitasita. "Ungefanya nini? Nimelala uchi, upande mmoja umesuguliwa, mwingine bado. Nilitaka kumpiga. Lakini unampigaje mtu ukiwa hivyo? Nikamwambia, malizia kwanza. Huwezi kuniacha nusu."

Pyo akamaliza, kifua, mikono, hadi vidole vya miguu. Alipommwagia maji ya mwisho, Ma akaketi, akajifuta uso.

"Mnafunga siku gani?"

"Jumatatu."

"Jumatatu nakuja na gari. Usidhani nimekusamehe. Nimechoka na simu, ndiyo hivyo."

Makao yenyewe yako nje ya mji, kando ya mashamba ya mpunga. Njiani Ma aliwasha redio, akaizima, akaiwasha. Pyo alikuwa amevaa suti aliyohubiria, nayo ilimpwaya mabegani. Katika chumba cha vitanda vinne, Mama Bong alikuwa ameketi na koti lake, mkoba umelala mapajani, ingawa ilikuwa saa nne kasoro asubuhi na jua limejaa dirishani.

Pyo akapiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu. Wale bibi wengine watatu wakageuka kutazama.

"Umechelewa," akasema Mama Bong.

"Ndiyo, mama."

"Umekula?"

"Bado, mama."

"Umekonda kama kamba. Mkeo anakupa nini?" Akatoa chungwa dogo mkobani, akaanza kulimenya.

Pyo hakunyanyuka. Alikuwa ameyapanga maneno tangu usiku, anasema, na yote yakapotea. Akabaki na moja tu, lile ambalo hata mkewe hakuwahi kuambiwa. "Mama, siku ile sikuwa na homa. Nilikuwa macho. Nilikusikia."

Ma alikuwa amesimama mlangoni. Anasema damu ilimpanda kichwani, akapiga hatua moja mbele.

Mama Bong akaendelea kumenya. "Najua," akasema. "Nilipogonga taa yako ilikuwa inawaka. Nilipoita, ikazimwa."

Alijua. Alijua tangu alfajiri ile, akalala na nyonga iliyovunjika wodini akijua, na hakumwambia mwanawe, wala wauguzi, wala waumini wa zamani waliokuja kumwona. Ukitaka kuelewa kwa nini mwandishi wa makala haya alifunga safari hadi Gunsan, ni kwa sababu ya jibu hilo.

"Mama, ulijua na hukusema!" Ma alipaza sauti.

"Ningesema nini? Mtu kachoka, nikamtangaze? Wewe ukichoka si unalala na viatu?" Kisha akamgeukia aliyeinama. "Na wewe inuka, sakafu baridi. Unadhani nilikuwa nakuja kwa mahubiri yako? Mahubiri yako yalikuwa marefu mno. Nyumbani kwangu kulikuwa na baridi, wewe ulikuwa na jiko. Wote wawili tulikuwa tunamdanganya Mungu, na yeye alikuwa anakuja tu kila siku."

"Nilikuacha uanguke, mama."

"Uliniacha. Nilikasirika sana. Mwaka mzima nilikuombea ujikwae." Kitanda cha jirani kikacheka. "Halafu hasira zikaisha. Sasa kama mimi mwenye nyonga hii zimeniisha, Bwana aliyekufa kwa ajili yako atabaki nazo za nini? Inuka, ule hili chungwa, tuanze."

Pyo aliinuka, akala chungwa, akafungua mdomo aombe, na sauti haikutoka. Alijaribu mara ya pili. Akabaki amesimama na suti yake inayopwaya, analia bila kelele, hadi bibi wa kitanda cha dirishani akamsukumia karatasi za kufutia uso.

"Basi kaa," Mama Bong akasema. "Naomba mimi. Wewe utasema amina. Amina unaiweza?"

Aliiweza. Anasema ilitoka kama kikohozi.

Tangu siku hiyo anakwenda kila Jumatatu. Mama Bong ameacha kuamsha chumba, kwa sharti kwamba siku hiyo asicheleweshwe, na simu za makao zimekoma. Ma humpeleka akiwa hana safari. Hajatamka kwamba amesamehe, lakini wiki iliyopita alimnunulia maziwa ya ndizi njiani. Hamamu nako habari imefika. Mzee Tak amekasirika kweli, kwamba alimsimulia mchungaji mahubiri bure miaka yote hiyo, na sasa anadai asuguliwe kwa nusu bei.

Ukimuuliza Pyo kama atafungua kanisa tena, anatikisa kichwa. Umri umekwenda, mkono unauma, na mtu anayetoka kazini saa mbili usiku hana muda wala waumini wa kuwawekea benchi. Hana hakika hata kama anastahili kuitwa mchungaji, ingawa wale bibi wanne hawajamuuliza. Bado anaamka amechoka. Kuna siku giza lile la zamani linarudi lote, akiwa anasugua mtu, bila sababu yoyote.

Hadi leo hajaweza kuomba kwa sauti mbele yao. Jumatatu saba amesema amina tu. Anamwagia meza maji, anatundika kitambaa, na anaeleza mpango wake huku akiwa amekipa kisogo chumba.

"Jumatatu hii nataka niombe mimi. Maneno machache tu. Nimemwambia mama, nadhani nitashindwa. Akaniambia, ukishindwa, njoo Jumatatu nyingine."