Muthokoi ya Watu Kumi na Wawili

Harufu ya unyevu naijua hata nikiwa nimefumba macho. Si harufu ya maji, wala ya udongo, wala ya nguo chafu, lakini ina kidogo cha vyote vitatu, na ikishaingia kwenye sweta ya shule haitoki hata uifue mara tatu na kuianika juani kutwa nzima. Mwaka niliokuwa darasa la sita, harufu hiyo ilikaa nyumbani kwetu kama mpangaji asiyelipa kodi. Nyumba yetu ilikuwa ya mawe, vyumba vitatu, imejengwa kwenye mteremko chini ya vilima vya Iveti, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Machakos mjini. Ukuta wa nyuma, ule wa chumba tulicholala mimi na mdogo wangu Mumbua, ulielekea mlimani. Mvua za Novemba zilipoanza, ukuta huo ulianza kutoa jasho. Kwanza rangi ilivimba na kupasuka, kisha plasta ikawa inadondoka vipande vipande nyuma ya kitanda, kisha yakatokea madoa meusi ambayo mama aliyasugua Jumamosi na yakarudi Jumatano. Mumbua alikohoa tangu mvua ya kwanza. Mimi sikukohoa. Mimi nilinuka tu, na kwa umri wangu nilidhani kunuka ndiko kubaya zaidi.

Mwaka huohuo ndio tuliomaliza deni. Baba alikuwa amekopa ili anunue mashine ya kusaga unga, akaiweka Kyumbi, nayo mashine ikasaga hasara. Ili kulilipa tuliuza mashine yenyewe, ng'ombe, televisheni, na mwisho makochi. Siku baba alipoleta barua ya kuonyesha kwamba hatudaiwi tena, mama aliikunja akaiweka ndani ya Biblia, na mimi nikafikiri kwamba kesho yake tungeanza kuishi kama watu wengine. Ndipo ubahili ulipoanza kwa kweli. Mama alikuwa ameapa kwamba hatakopa tena, hata chumvi. Mche wa sabuni ulikatwa vipande vinane kwa uzi, na kila kipande kilikuwa na siku zake. Chai ilikuwa strungi, maziwa yalikuwa ya Mumbua peke yake kwa ajili ya kifua. Mafuta ya kupikia yalikuwa ya kupima, na ilikuwa kazi yangu kuinamisha chupa juu ya sufuria hadi tone la mwisho likubali kuanguka. Stima ilikatwa tukarudia koroboi. Baba alirudi kwenye kazi ya kiwandani Athi River, akawa anakuja nyumbani mwisho wa mwezi tu. "Tunakula kidogo, lakini hakuna mtu anatudai," mama alikuwa akisema, na alilisema kwa fahari. Mimi fahari hiyo sikuiona. Niliona sebule tupu yenye mkeka na viti viwili vya plastiki.

Shuleni nilikaa dawati moja na Ndinda, binti wa jirani yetu Mama Ndinda, na kwa Ndinda nilikuwa nimesema uongo mwingi. Makochi yalipoondoka nilimwambia yamepelekwa kubadilishwa kitambaa. Baada ya muda nikamwambia yamerudi, yana kitambaa cha rangi ya zambarau, na mama amekuwa mkali hataki watoto wa watu wayakalie. Nilikuwa hodari wa maelezo madogomadogo, na ndiyo maana aliniamini. Asubuhi moja ya mvua Ndinda alisogea kidogo hadi ukingo wa dawati, akafungua dirisha bila kusema neno. Nilijua kwa nini. Tangu siku hiyo nikawa navua sweta mlangoni pa darasa na kuikunja ndani ya mfuko, nikikaa nikitetemeka hadi saa nne.

Mama alipigana na ule ukuta kwa kila kitu kisichogharimu pesa. Alitusogezea kitanda katikati ya chumba ili hewa ipite. Aliweka makaa makavu kwenye karai chini ya kitanda, na chumvi ya mawe kwenye sahani dirishani, akawa anaikausha jikoni na kuirudisha. Alipaka chokaa, ikashika wiki moja. Magodoro yalitolewa nje kila jua lilipochungulia, yakarudishwa mbio kila lilipojificha. Hatimaye asubuhi moja alizunguka nyuma ya nyumba, akasimama muda mrefu akitazama mtaro wa baba. Miaka miwili nyuma, wakati wa kiangazi kikali, baba alikuwa amechimba mtaro hatua tatu kutoka ukutani, akauchimba kama tunavyochimba mitaro ya shambani: umelala sawa, ncha zote mbili zimezibwa, udongo umetupwa juu, ili tone la mvua lisipotee. Sisi Wakamba tunakua tukiambiwa kwamba maji ya mvua hayaachwi yaende zake. Alipanda ndizi pale, na wageni wote waliusifu. Hakuna aliyewaza kwamba mwaka ambao mvua ingekuja kwa wingi, mtaro ungejaa na kubaki umejaa, na yale maji yasiyo na njia yangejipenyeza polepole hadi kwenye msingi wetu. "Kumbe tunalala na bwawa kwa mgongo," mama akasema, akacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyechoka.

Dawa ilikuwa kuuzibua mtaro, kuuchimba ushuke chini ya msingi, kuujaza mawe, na kuyapeleka maji hadi korongoni. Kwa mtu mmoja ilikuwa kazi ya mwezi. Kwa mwethya ilikuwa kazi ya siku moja. Mwethya ni kile kikundi cha akina mama wa mtaa waliokuwa wakifanyiana kazi kwa zamu: leo wanachimba kwako, wiki ijayo kwa mwenzako, na anayefanyiwa kazi huwapikia. Mama alikuwa amechimba kwa wote kumi na wawili na hakuwahi kuchukua zamu yake. Mwaka wa deni alikuwa amejitenga kidogo, na kurudi kuomba zamu kulimtia aibu ambayo sikuielewa wakati ule. Aliomba hata hivyo, kanisani, akapewa Jumamosi. Kwa siku tatu alitwanga mahindi kwenye kinu hadi maganda yakatoka, akaazimia kupika muthokoi ya kutosha watu kumi na wawili kwa maharagwe aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya Krismasi. Sijawahi kumwona akipika kwa furaha namna ile. Alikuwa anaimba.

Desturi ilikuwa kwamba mwenye kazi hutuma neno kwa mwenyekiti, ambaye mwaka ule alikuwa Mama Ndinda, siku moja kabla, kuthibitisha, na bila neno hilo hakuna anayetoka kwake. Ijumaa jioni, jua likiwa bado juu ya vilima, mama akaniita. "Mutheu, enda kwa Mama Ndinda umwambie kesho ni kesho. Wakuje saa mbili. Chakula iko." Nilimkuta Mama Ndinda uani akichambua maharagwe kwenye ungo.

"Karibu, mwana wakwa. Mama yako ako aje?"

"Ako salama."

"Mwambie sisi tuko tayari. Nitakuja na sululu mbili, yangu na ya mzee, juu hiyo udongo ya kwenu ni ngumu. Na Ndinda atakuja kuwasaidia kupakua chakula."

Sikuwa nimepanga chochote. Nilipoondoka nyumbani nilikusudia kusema nilichotumwa. Lakini niliposikia jina la Ndinda niliona kila kitu kwa mara moja: Ndinda akivuka kizingiti na sahani mkononi, Ndinda akitafuta makochi ya zambarau, Ndinda akipita chumbani akiona ukuta mweusi na kujua harufu inatoka wapi. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe. "Mama amesema msikuje," nikasema. "Amepata fundi."

"Fundi?"

"Ndio. Wa kulipwa."

Mama Ndinda aliacha kuchambua. Alinitazama, kisha akatazama ungo wake. "Haya," akasema kwa sauti ndogo. "Mwambie ni sawa." Nyumbani mama aliniuliza kama nilimpata Mama Ndinda mwenyewe, nikasema nilimpata. Aliniuliza alisema nini. "Alisema ni sawa," nikajibu, na kwa kuwa maneno hayo yalikuwa ya kweli, niliweza kumtazama usoni.

Jumamosi mama aliamka mapema akafagia ua, akapanga vikombe kumi na viwili juu ya meza ya jikoni, vingine vya bati, vingine vimevunjika mikono. Alivaa leso yake safi juu ya nguo za kazi. Saa mbili ikafika, saa tatu, saa nne. Mvua ilikuwa imekatika na njia ilikuwa kavu, kwa hiyo hata mvua haikuweza kulaumiwa. Kila mara mbwa alipobweka, mama alitoka hadi langoni. Mimi nilikaa jikoni nikijifanya nasoma, nikijiambia kwamba bado naweza kusema, kwamba ningekimbia hadi kwa Mama Ndinda na kurudi kabla ya saa tano. Sikukimbia. Saa sita mama alivirudisha vikombe kabatini kimoja kimoja. "Watu wakijua ulikuwa na deni," alisema bila kunitazama, "wanafikiria ukiwaita unataka kuwaomba." Kisha akafungua leso ile safi, akaikunja, akachukua jembe akazunguka nyuma ya nyumba peke yake.

Ile muthokoi tuliila siku nne. Nasema hili kwa sababu nimejaribu mara nyingi kulikumbuka kwa namna nyingine na siwezi: niliila, ilikuwa tamu, na niliongeza. Mama alichimba kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni kuuza parachichi alizonunua Kangundo, na kila jioni aliporudi. Nyuma ya nyumba hakuonekani kutoka barabarani, kwa hiyo hakuna jirani aliyejua. Mimi nilibeba mawe. Nilibeba mengi kuliko nilivyoambiwa, na mama akanisifu, na sifa ile ilinichoma kuliko kofi. Viganja vyake vilipasuka akavifunga vitambaa. Wiki ya pili tulikutana na Mama Ndinda njiani, nami nikajificha nyuma ya begi langu la shule. "Ile kazi iliendaje?" aliuliza Mama Ndinda, na alikuwa anauliza habari za fundi. Mama alifikiri anachekwa. "Iliisha vizuri. Asante," akajibu, akaendelea kutembea. Waliachana hapo, kila mmoja ameumizwa na mwenzake, na mtu pekee aliyejua sababu alikuwa mimi, darasa la sita, nimesimama kati yao.

Ukuta ulikauka kabla ya Krismasi. Kikohozi cha Mumbua kiliisha mwezi wa pili. Mama hakurudi kwenye mwethya. Katika ibada alihama kutoka safu ya akina mama wenzake akakaa upande wa pili, na tangu wakati ule lugha yake kuhusu majirani ikawa moja: mtu ajitegemee. Alijitegemea kweli. Alitusomesha kwa parachichi na ubahili ule ule, akawa hadaiwi, haombi, na hatembelewi. Mwaka juzi Mama Ndinda alipozikwa, mama alikwenda kwa sababu ni jirani. Alikaa nyuma kabisa, pamoja na watu waliotoka mbali, wasiomfahamu vizuri marehemu. Niliketi karibu naye siku nzima na sikufungua mdomo.

Sasa naishi Syokimau, ghorofa ya tatu, katika nyumba yenye vigae vinavyong'aa na makochi ambayo, nacheka nikiyaandika, nilichagua ya zambarau. Mwezi uliopita mama alikuja kutibiwa macho. Haoni vizuri siku hizi, lakini hakuwa amekaa dakika tano kabla hajainua pua. "Hapa kuna maji," akasema. Tulisogeza kabati la chumbani, na kweli, nyuma yake ukuta ulikuwa umevimba, una madoa meusi yale yale. Maji yalikuwa yanatoka bafu la nyumba ya juu yetu. Nilikuwa nayajua tangu mwezi wa tano. Niliyafunika kwa kabati.

"Nitaita fundi, mwaitu," nikasema, na neno hilo lilipotoka nililisikia kama Mama Ndinda alivyolisikia na ungo wake magotini. Nikaketi kitandani nikamwambia mama yote: makochi, sweta, Ndinda, na nilichosema uani kwa Mama Ndinda. Nilitaka anigombeze. Mkono wake ulikuwa bado juu ya ukuta, akiupapasa taratibu.

"Kabla umwambie hiyo ya fundi," akauliza, "yeye alikuwa amesema nini?"

"Alisema wako tayari. Alisema atakuja na sululu mbili, yake na ya mzee."

"Sululu mbili," mama akarudia. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Na mimi kwa mazishi yake nikakaa huko nyuma na wageni."

Aliomba maji akanywa. Kisha akanyoosha kidole darini. "Huyu anakaa juu ni nani?"

"Simjui."

"Umekaa hapa miaka ngapi?"

"Minne."

Alinitazama kwa macho yale yasiyoona vizuri. "Enda umwambie maji yake inaingia kwako, na mimi mama yako nimesema akuje aone, chai iko. Umwambie hivyo. Usiongeze, usipunguze."

Nina miaka thelathini na mitano. Nilivaa viatu, nikapanda zile ngazi nikitetemeka vile vile nilivyotetemeka bila sweta darasani, nikabisha mlango wa watu nisiowajua. Mwanamke alifungua, sabuni mikononi. Nilimwambia nilichotumwa, neno kwa neno.