Mvi za Unga

Unga wa sembe sipendi kuununua mwenyewe, maana harufu yake hunirudisha sekondari, kwenye kipindi cha sanaa za maonyesho. Shoga yangu aliigiza bibi kizee, nami nikampaka unga kichwani awe na mvi. Darasa zima likamwamkia, "Shikamoo bibi!" Akaitikia kwa sauti ya kutetemeka, "Marahaba, wajukuu zangu."

Nilipokuwa namkung'uta akaniuliza, "Hivi nikizeeka kweli nitakuwa hivi?"

"Utatisha zaidi," nikamjibu, tukacheka mpaka tukakaa chini.

Malaria ilimchukua kabla hatujafanya mtihani.

Leo nimekwenda Kariakoo kununua unga. Muuzaji ametazama kichwa changu cheupe, akasema, "Shikamoo bibi."

Nikaitikia marahaba, na sauti ikatetemeka vilevile kama ya shoga yangu.