Skrubu Ndefu Upande wa Kushoto

Siku yangu ya kwanza katika garaji ya Gitega, Burundi, sikugusa gari hata moja. Nilipewa kisu, jiwe la kunolea na tairi bovu la lori, nikaambiwa nikate. Shefu, ndivyo tulivyomwita mwenye garaji, alikuwa mtu mfupi, Mwislamu wa mjini, mwenye kofia iliyokuwa nyeupe zamani. Babake alikuwa akishona viatu vya matairi, na yeye kwa kisu hichohicho akaingia kwenye kazi ya bavete. Bavete ni ule mpira unaoning'inia nyuma ya gurudumu ili matope na mawe yasiruke. Nyinyi vijana wa leo mnazinunua zikiwa tayari zimekunjwa kiwandani, kila moja na tundu zake. Sisi tulizikata kwa mkono, na kila gari lilikuwa na umbo lake.

"We Mutanzania," Shefu aliniambia jioni ile, akipindapinda kipande nilichokata, "hii ni bavete ao ni sikio ya tembo?"

Wenzangu walicheka, nami nikacheka. Nilikuwa nimerudi peke yangu kutoka Tanzania, nilikokulia ukimbizini, amani ilipoanza kuaminika. Mama yangu, mke wangu Esperansi na watoto wawili walikuwa bado kule wakingoja zamu ya kurudishwa. Nilikuwa nimewaahidi kwamba watakapofika watanikuta na kazi. Kila Shefu alipoinua sauti niliona kama ndiyo siku ya kufukuzwa.

Kazi yenyewe niliijua kidogo. Kule Tanzania nilikuwa nimefundishwa na fundi mmoja mkali aliyefunga bavete za magari ya mizigo. Shefu aliniongezea ya kwake. Kwanza unalipakia gari mzigo, au unawaomba watu wawili wanene wakae nyuma, kwa sababu gari tupu hudanganya. Ndipo unapima shibiri moja kutoka ardhini hadi ncha ya mpira. Ukiiacha ndefu zaidi, siku dereva akirudi nyuma kwenye kijilima gurudumu litaukanyaga mpira na kuung'oa pamoja na bati. Kwa magurudumu ya mbele unakata usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, uone kama tairi linagusa. Vidole viwili vipite kati ya tairi na mpira. Kisha unaweka bamba jembamba la chuma juu ya mpira, ili kichwa cha skrubu kisiutoboe ukachanika. Mwisho unapaka rangi kwenye tundu, bati lisile kutu.

Vifaa vilikuwa vilevile, majina tu yalibadilika. Nati nikaambiwa ni ekru, washa ikawa rondeli. Hayo niliyashika kwa wiki moja. Mkono wangu ndio uliochelewa kujifunza, na hapo ndipo penye habari yangu.

Yule fundi wa Tanzania alinifundisha kanuni moja: kushoto skrubu ndefu, kulia fupi. Sababu yake ilikuwa nzuri. Kule magari hupita kushoto, kwa hiyo gurudumu la kushoto ndilo linalokanyaga ukingo wa barabara, kwenye madimbwi na kokoto. Upande huo tuliweka mpira wa mikunjo miwili, na mpira mnene unataka skrubu ndefu. Usukani uko kulia, na kwenye magari tuliyoyafunga bomba la breki lilipita upande huohuo wa dereva. Kushoto nyuma ya bati palikuwa patupu. Nilifunga hivyo miaka mingi mpaka mkono ukawa unachukua skrubu wenyewe bila kuniuliza.

Burundi tunapita kulia. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu, nilitembea barabarani kila siku. Lakini sikuwahi kuliunganisha na mkebe wa skrubu.

Miezi ya mwanzo nilikata mipira tu, kisha nikaruhusiwa kufunga bavete za nyuma. Mvua za mwaka wa pili zilipokaribia, kazi ikawa nyingi, na Shefu akanikabidhi za mbele nifunge peke yangu. Wiki ile nilifunga magari matano. La tano lilikuwa pikapu ya Shabani, dereva wa Muyinga, mtu mcheshi aliyekuwa akiwachukua waliorudi kutoka kituo cha mapokezi na kuwapeleka kwenye vilima vyao, ndivyo tunavyoita vijiji. Usukani wake ulikuwa kushoto. Alikuwa na habari iliyonifanya nisahau hata kula: watu wangu wamevuka mpaka, wako Muyinga, na kesho yake ni yeye atakayewapakia hadi kwetu Itaba, karibu na Gitega.

"Basi funga vizuri, fundi," alinitania. "Ni mamako ndiye atachafuka."

Nilifunga vizuri kuliko magari yote. Upande wa kushoto niliweka mpira wa mikunjo miwili na skrubu ndefu, nikakaza mpaka mshipa wa shingo ukanisimama.

Kesho yake saa tano asubuhi likaja gari la aina ileile. Shefu alikuwa karibu, akasema, "Alor, leo nionyeshe namna unafanyaka." Nikachukua skrubu. Akanishika mkono. "Iyo ndefu ya nini huku?"

"Kushoto ndefu, Shefu."

"Nani alikuambia?" Aling'oa plastiki ya ndani ya madigadi na kuniinamisha kichwa. "Angalia. Iko nini hapo?"

Lilikuwa bomba la breki, jembamba kama penseli, limepita nyuma ya bati kwa umbali wa nusu kidole. Skrubu fupi isingelifikia. Skrubu ndefu ingelilalia.

Nikakaa chini kwenye vumbi. Skrubu ikiligusa bomba haitoboi papo hapo. Inasugua kidogokidogo gari linapotikisika, mpaka bomba linakuwa jembamba, na siku dereva anapokanyaga breki kwa nguvu mteremkoni linapasuka. Na barabara ya Muyinga ni miteremko mitupu. Nilimwona mama yangu nyuma ya pikapu, juu ya mizigo, amempakata mtoto wangu mdogo.

Nikiri hapa jambo ambalo sikuwahi kumwambia Shefu: kwa dakika moja niliwaza kunyamaza. Niliwaza kusema naumwa, nikimbie peke yangu, nisipoteze kazi. Kisha nikasema kila kitu kwa mpigo mmoja, hata sikumbuki maneno.

Shefu hakunitukana. Alipiga simu ya Shabani mara tatu, haikupatikana. Akavua kofia, akajikuna kichwa, akairudisha. "Bon. Panda piki," alisema, na mchana kweupe, magari manne yakiwa yanangoja, akafunga garaji.

Safari ile sitaki kuirudia hata kwa maneno. Tulipita Karuzi bila kusimama. Kila mteremko niliangalia korongoni kwanza, kisha lami, nikitafuta doa la mafuta. Nilikuwa nikisali na kuhesabu kona kwa wakati mmoja. Shefu alinipigia kelele mara moja tu: "Wacha kunikaza mbavu, nitakufa mbele yao!"

Muyinga mjini, kwenye kituo cha mapokezi, walituambia Shabani ameshaondoka, na kwamba amepitia Gasorwe kushusha familia nyingine kwanza. Tukageuza pikipiki. Kabla ya kufika Gasorwe tuliiona pikapu juu ya kilima, ikianza kushuka kuja kwetu, mizigo imepanda kuliko paa. Nilirukia barabarani nikapunga mikono yote miwili.

Ilipunguza mwendo, lakini polepole mno. Ikanipita. Ikaenda, ikaenda, mwishowe magurudumu yakaingia kwenye majani ya ukingoni, ikasimama. Shabani alitoa kichwa dirishani. "Pedali inashuka kidogo tangu asubui," alisema. "Mi nikafikiri ni juu ya uzito."

Nilijitupa chini ya gari, nikang'oa plastiki ya ndani. Skrubu yangu ilikuwa imechimba mfereji unaong'aa kwenye bomba, na katikati ya mfereji palikuwa na tone la mafuta ya breki, linakua, linaanguka, lingine linaanza. Niliweka kidole juu yake kama mtoto anayeziba bomba la maji. Nililia nikiwa mule chini.

Nikaona miguu ya mama karibu na gurudumu. Niliitambua kwa kidole gumba kilichopinda. Miaka miwili hatukuwa tumeonana.

"Mwananje," alisema juu ya kichwa changu, kwa Kirundi mwanangu, "umekuja kusalimia gari?"

Nilitoka na mafuta usoni. Akanifuta kwa kitenge chake, ndipo akanikumbatia. Esperansi alikuwa ameduwaa na watoto. Mdogo alinikimbia, hakunijua.

Shefu alirudi mjini na pikipiki kutafuta bomba lingine, akatuacha tukingoja ukingoni pamoja na Shabani. Mama alikaa juu ya gunia la sufuria. Ningeweza kumwambia nimekuja kuwapokea, na angeamini, na angejisifu kwa majirani mpaka kufa. Lakini nilimweleza. Nikamweleza kushoto na kulia, ndefu na fupi, na bomba.

Alisikiliza mpaka mwisho. Nilingoja anilaumu, au amshukuru Mungu.

"Na mengine?" aliuliza.

"Mengine yapi, mama?"

"Magari mengine uliyofunga hivyo. Wao hawana mama ndani?"

Wallahi, kama alivyopenda kuapa Shefu ingawa mimi ni Mkristo, sikuwa nimeyawaza. Katika njia yote ile, kona zote zile, nilikuwa nimewaza gari moja tu. Niliona aibu ambayo hata sasa nikiiandika inanipanda usoni.

Kati ya yale matano, mawili yalikuwa na usukani kulia, hayo yalikuwa salama. Matatu yalikuwa na usukani kushoto. Moja la Shabani. La pili la mkuu wa shule pale Gitega, nililiendea nyumbani kwake siku iliyofuata baada ya kuwafikisha watu wangu Itaba. Bomba lilikuwa limekwaruzwa tu. Nilimweleza, akaninyima mkono wa kwaheri, na alikuwa na haki.

La tatu lilikuwa gari dogo la kijivu, la mtu aliyekuwa anapita. Alikuwa na haraka, alisema anaelekea kaskazini, hakuandika jina. Shefu aliwauliza madereva wote aliowajua. Nami niliuliza kwenye vituo vya mafuta, garaji, na kwa polisi wa barabarani, ambao waliniuliza kwa nini nalitafuta gari la watu. Hatukulipata.

Mwaka uliofuata Shefu alifungua garaji ya pili Muyinga. Alishangaa nilipoomba kupelekwa. "Familia iko Itaba, we unataka kwenda mbali ya nini?" Nilimwambia kazi ni kazi. Ukweli ni kwamba Muyinga iko kaskazini.

Huko nami niliitwa shefu, na nadhani nilikuwa mgumu kuliko yeye. Fundi hakutoboa bati kabla ya kupitisha mkono nyuma yake na kuniambia kwa sauti ameshika nini. Walioona aibu kusema kwa sauti niliwarudisha kukata mipira. Waliniita Mukono, najua, walidhani sisikii. Gari likimalizika nililala chini yake mwenyewe, hata nilipokuwa na magoti mabovu. Niliandika jina na kilima cha kila mwenye gari. Usiku wa mvua kubwa sikulala vizuri kwa miaka ishirini.

Mama alifariki Itaba, katika nyumba yake. Kila nilipokwenda kumwona hakuuliza mshahara wala afya yangu kwanza. Aliuliza, "Umelipata?" Mara ya mwisho nilitamani kumdanganya. Nikasema bado.

Nimestaafu sasa, garaji inaendeshwa na wengine, na bavete zinakuja kwenye mifuko ya plastiki na maelezo ya picha. Ni nzuri, sina neno. Mkinitaka ushauri, ni huo wa mkono, sina mwingine. Najua pia kwamba gari lile la kijivu lazima limeshakatwa vyuma chakavu zamani. Labda skrubu ilianguka yenyewe. Labda mtu mwingine aliiona akaitoa. Mke wangu ananiambia hivyo kila mara, na ninaitikia.

Lakini juzi sokoni Gashoho, karibu na Muyinga, liliegeshwa gari dogo la kijivu, kuukuu, usukani kushoto, na bavete za mbele zimekatwa kwa kisu. Nilisimama na kikapu changu mpaka mwenyewe akarudi, kijana mwenye mkewe mjamzito.

"Mutama, unatafuta nini kwa gari yangu?" aliniuliza, akiniita mzee kwa Kirundi.

Sikuwa na uongo uliokuwa tayari. Nikamwambia, "Skrubu yangu."

Alinitazama, nadhani akaniona nimechanganyikiwa. Kisha akafungua buti, akatoa kipande cha boksi, akakitandika kando ya gurudumu. "Lala hapo, chini iko matope."

Nililala. Nilipitisha mkono nyuma ya bati, taratibu, mpaka nikalishika bomba, nikalifuata kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Lilikuwa zima. Skrubu ya upande ule ilikuwa fupi: si mimi niliyelifunga gari lile.