Siku niliyomwita Mama Tevin "madam"

Wakuu, niaje. Sogeeni mnisikilize, hata wewe unayesoma ukingoja chai ichemke. Nitaeleza vile ilikuwa, pamoja na pale nilipojiaibisha.

Mimi ni seremala, naishi Gatina, Kawangware. Kwa ploti yetu ya vyumba vya kupanga, ukiuliza Mutua, jina langu, utazungushwa mpaka uchoke. Uliza Baba Mutheu, utaletwa hadi mlangoni.

Ndivyo tunavyoitana. Ukipata mtoto, umepata jina.

Sasa, jirani yangu Mama Tevin alimpoteza Tevin. Mtoto wa miaka sita, homa ya siku chache tu. Hakuwa na mtoto mwingine.

Aliporudi kutoka mazishi ushago, kijijini kwao, tukakwama. Tutamwita nani? Jina la mtoto tuliogopa kulitaja, tusije tukamtonesha kidonda. Jina lake mwenyewe hatukulijua. Miaka minne tunaanika nguo kamba moja!

Basi tukaacha kumwita. Na mtu usiyejua utamwita nani, unaanza kumkwepa. Salamu zikabaki za kutikisa kichwa.

Siku moja tuko mferejini, mtungi wake umejaa, maji yanamwagika. Nikasema, "Madam, maji."

Madam! Kama tuko benki.

Akaniangalia. "Leo mimi ni madam, Baba Mutheu?"

Akabeba mtungi wake, akaenda.

Jumamosi iliyofuata akaanza kufunga vyombo. Anahamia Mashimoni, kule Kibera, mahali hakuna anayemjua.

Sisi tumesimama tu milangoni kama nguzo. Ndipo Kukhu, nyanya Mluhya wa chumba cha mwisho, akaita kutoka kwa jiko lake, sauti ile ile ya siku zote:

"Mama Tevin! Wacha hizo sufuria, kuja uonje hii mboga ya mrenda!"

Wakuu, ploti nzima iliganda. Mke wangu alinifinya mkono.

Mama Tevin akasimama na beseni lake la vyombo. Halafu:

"Nakuja, Kukhu."

Sijawahi kusikia mtu akiitika vile. Ni kama alikuwa ameenda mbali sana, na sasa amefika.

Akatua beseni, akatoa sahani. Akala. Akatuambia vile Tevin alikuwa akificha mrenda chini ya ugali ili aonekane amemaliza. Tukacheka. Akalia. Tukacheka tena.

Baadaye nikamuuliza Kukhu kama hakuogopa. Akanishangaa.

"Kwani mtoto akienda, mama naye anazikwa? Nyinyi ndio mlikuwa mnamzika."

Mama Tevin hakuhama. Na mimi mpaka leo nashangaa: maneno mawili tu, tunayoyatamka kila siku bila kufikiri, yalitosha kumrudishia mtu mahali pake kati ya watu. Tulidhani kunyamaza ni heshima.

Kwenu mnafanyaje? Niandikieni hapa chini, nataka kujifunza.

Lakini kabla hujaandika, kama kuna mama unamkwepa kwa sababu hiyo, toka nje umwite kwa jina la mtoto wake. Sauti ya kawaida tu. Halafu mpe muda aitike.