Taa za Kidau cha Mama Yako

Siku moja ya ujana wangu naikumbuka kuliko zote, mwanangu, na jana nimeikumbuka tena uliponionesha kwenye simu zile taa za buluu unazotaka kuzifunga kwenye kidau chako kipya cha mashine. Sikukujibu palepale. Nilinyamaza nikanywa kahawa yangu, nawe ukadhani zimenipendeza. Mjomba wako huyu mwenye maneno mengi akinyamaza, ujue ana jambo.

Wakati ule nilikuwa fundi redio pale Wete, na majivuno nilikuwa nayo mengi kuliko kazi. Mama yako Mize na wanawake wenzake waliokuwa wakilima mwani walikuwa wamenunua kidau kidogo cha mashine cha kuvusha mizigo yao kutoka kisiwani Fundo. Baba yako, Hamad, ndiye aliyekiendesha. Kazi ya mwani hufuata maji, haifuati saa. Ziko siku maji hukutaka uondoke kabla ya alfajiri, kiza bado kizito. Kwa hivyo walihitaji taa, na bila ya taa za kanuni wasingepewa leseni ya kidau. Mize akaja kwangu akaniambia, "Kaka, fundi wetu ni wewe. Tufungie zile zinazotakiwa."

Jirani yetu, Mzee Faki, alikuwa nahodha mstaafu. Aliposikia kazi niliyopewa aliniita barazani kwake akanieleza bila haraka. "Chombo kidogo sheria haikitaki makubwa. Simama nyuma, tazama mbele: nyekundu nkono wa kushoto, kijani nkono wa kulia, na nyeupe moja juu ya kijiti, ionekane pande zote. Lakini kabla hujanunua, njoo uniulize taa za namna gani."

Nikamwitikia, "Naam, mzee," ile naam ya mtu anayetaka kuondoka. Kuuliza si ujinga, wazee wamesema, lakini mimi niliona kuuliza kutanipunguzia cheo. Nikaenda Chake Chake nikanunua taa za lori, kubwa, zenye kumeremeta, na njia nzima ya kurudi nilizipakata.

Sasa sikiliza ujinga wangu ulivyokuwa. Nilipofika pwani nilikikuta kidau kimepinduliwa kifudifudi juu ya magogo, Hamad anakipaka rangi chini. Nikasimama nyuma kama nilivyoambiwa, nikatazama mbele, nikatoboa, nikafunga nyekundu mkono wangu wa kushoto na kijani mkono wangu wa kulia. Nilifuata maneno ya mzee neno kwa neno. Kesho yake kidau kilipogeuzwa nilirudi kuunga nyaya na kusimamisha ile nyeupe, huku nikibishana na vijana habari za mpira wa Gombani. Sikuzitazama tena zile za rangi. Niliona nimeshapima, nipime mara ngapi?

Alasiri Mzee Faki akaja, akakizunguka kidau mara moja tu. Aliniuliza kama nimemaliza, nikamwambia nimemaliza. "Haya," akasema, "tukijaribu baada ya Magharibi."

Hamad na mama yako wakatangulia na kidau chao. Mimi nikapanda cha Mzee Faki, akanipa usukani nikiwa na furaha tele. Kiza kilikuwa kimeshatanda. Mbele yetu nikaona nyeupe juu, na chini yake kijani, nzuri kweli.

"Waona rangi gani?" akaniuliza.

"Kijani, mzee."

"Kijani ni ubavu gani?"

"Wa kulia."

"Ntu anayekuonesha ubavu wake wa kulia, enda wapi?"

"Anakwenda kulia kwangu."

"Haya. Pita nyuma yake."

Nikageuza kushoto. Nilidhani ile kijani itanipita, iende zake. Badala yake ikawa inakua. Nikazidi kukata kushoto, nayo ikazidi kunijia, hata nikaisikia sauti ya mama yako akicheka na baba yako, karibu kama mtu aliye chumba cha pili. Nilikuwa nawaendea mwenyewe, na nilijiona nawakimbia.

Mzee Faki akawasha tochi mara mbili. Hamad alikuwa ameshaagizwa aende taratibu na akiona tochi azime mashine, nami sikujua. Akazima. Mzee akaninyang'anya usukani, tukapishana kwa urefu wa kasia.

"Kaka," Mize akauliza kizani, "wendapi huko? Watujia sie?"

Nililia, mwanangu, na sioni haya kukwambia. Tulipofika pwani nikamuuliza mzee kwa nini hakunionya tangu alasiri.

"Ningekwambia, ungenijibu naam mzee," akasema. "Taa hufungi upendeze. Yule asiyekuona wewe, taa ndiyo inayomwambia waenda wapi. Wewe umemdanganya: ulizifunga chombo kikiwa kifudifudi, kilipogeuzwa kijani ikawa kushoto na nyekundu kulia. Na hizi zako za lori, hata aliye nyuma anaziona rangi, basi atajuaje kama unamjia ama unamkimbia?"

Asubuhi akanishika mkono kama mtoto, tukaenda kutafuta taa za chombo. Zilikuwa ndogo, hazina sura, zina kingo za kuziba mwanga usionekane kwa nyuma. Kidau kikakaguliwa, kikapata leseni, na mama yako akavusha mwani wake miaka na miaka. Mzee Faki alishatangulia mbele ya haki. Hakuna Ijumaa nisiyomwombea, maana aliniaibisha mbele ya watu wawili ili nisije nikawazika.

Basi nasaha yangu ndiyo hii. Zile za buluu ziache, kanuni za chombo kama chako hazina rangi hiyo. Nunua taa zilizotengenezewa chombo, na usome boksi: za rangi zionekane maili moja, nyeupe maili mbili. Nyeupe iinue ipite vichwa vya abiria. Kidau kidogo kabisa, kisichokwenda kasi, sheria hukisamehe rangi kama kweli haziwezekani, lakini ile nyeupe haikusamehe. Na ukishafunga, usiridhike. Kaa chombo cha mwenzako uzitazame kama atakavyoziona yeye. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na baharini, mwanangu, guu linalovunjika huwa la mwengine.

Liko moja sijawahi kukwambia. Jioni ile mama yako alikuwa na mimba ya miezi saba. Kwenye kile kidau nilichokuwa nakiendea mlikuwa watatu. Kila nikikuona unaingia mlangoni kwangu na kelele zako nashukuru, hata ukija na taa za buluu.

Nenda kazifunge zilizo sawa, kisha uniite nije nizitazame kutoka upande wa pili wa maji. Mungu akupe safari za salama, na kila unapotaka kukosea akuletee mtu wa kukukataza mapema. Amin.