Zawadi za Kiganja

Dada yangu ni fundi makochi, na mtaa mzima unamwita Kiganja. Jina amelipata madukani. Akitaka kununua kitu, hata kama ni ndoo, hufumba macho akakipapasa taratibu mpaka mwenye duka aanze kukohoa. Mimi mdogo wake niliacha zamani kuongozana naye, maana nina haya zangu.

Lakini kwenye zawadi, nakubali, hana mpinzani. Mama yetu alipoacha kuona, watu walimletea redio tatu, utadhani ameajiriwa kusikiliza habari. Kiganja alimletea shali yenye vifungo vikubwa vya mbao upande mmoja, ajue mbele ni wapi bila kumwita mtu. Mwanangu wa miaka kumi na minne, asiyeweza kukaa darasani bila kugongagonga meza, alipewa mpira wa kuvutika, aufunge kwenye miguu ya kiti na kuusukuma kwa miguu yake kimya kimya. Mwalimu alinipigia simu kunishukuru. Nilizipokea shukrani zote, dada sikumtaja.

Aliyemtoa jasho ni mjukuu wake mwenyewe, mtoto wa binti yake wa pekee. Ana miaka sita. Ukimgusa ghafla anaruka, kelele zikizidi anaziba masikio, na nguo yenye lebo shingoni havai hata umbembeleze vipi. Kiganja alimpelekea mwanasesere wa manyoya, akatupwa. Akapeleka mto wa mahameli. Mtoto aliushika kwa ncha za vidole, akautoa nje na kufunga mlango. Mara ya tatu alipeleka blanketi nyororo ambalo hata mimi nililimezea mate, na siku hiyo mtoto alilia mpaka akatapika.

Kila zawadi ilikuwa laini kuliko iliyotangulia. Hapo ndipo ufundi ulipomponza dada. Kwa miaka thelathini watu wamekuja kwake kutafuta ulaini, kwa hiyo zawadi ikikataliwa, yeye alijua sababu ni moja tu: haikuwa laini vya kutosha.

Sasa binti yake, ambaye ni muuguzi, akapata nafasi ya mafunzo ya wiki sita mji mwingine. Nafasi hiyo aliisubiri miaka minne. Analea peke yake, na mtoto hajawahi kulala nyumba nyingine. Wakapatana wamjaribu kwa bibi yake kuanzia Jumamosi. Akigoma, mama mtu angepiga simu mafunzoni Jumatatu na kusema haji.

Kiganja akaandaa chumba. Mapazia mazito, zulia la manyoya, mito saba. Nilimwambia humo hata mimi nitapotea, akaninunia.

Mtoto alisimama mlangoni, akakitazama chumba kile, akageuka. Akaenda moja kwa moja karakanani, yaani sebule ya mbele, akaingia chini ya kochi bovu lililoinuliwa juu ya matofali. Saa nzima ikapita. Mama yake alikaa kwenye stuli ameshika tama, akasema kwa sauti ndogo kwamba yamekwisha, hakuna haja hata ya kungoja Jumatatu.

Kiganja akaamua kwenda kumbembeleza. Akalala chali sakafuni, na mwili wenyewe si haba, akajisukuma mpaka kichwa kikaingia chini ya kochi. Tukamngoja aseme neno. Tulichosikia ni krr, krr, krr.

Mtoto alikuwa anapitisha kucha kwenye gunia, lile mafundi wanalopigilia chini ya kochi ambalo mteja halioni kamwe. Alikuwa anatabasamu. Dada alikaa humo muda mrefu, na alipotoka nywele zilikuwa zimejaa vumbi.

"Mwanangu, mimi ni mjinga," alimwambia binti yake. "Nimekuwa nikimpa ninachopenda mimi. Hata siku moja sikutazama mikono yake inapenda nini."

Mito saba ikatolewa, na zulia likafuata. Akakata gunia jipya, akalikunja pindo na kulitandika kitandani. Mtoto akalipanda bila kuitwa. Akalala hapo Jumamosi, na Jumapili akalala tena. Jumatatu mama yake akasafiri.

Siku ya tatu akapiga simu asubuhi. Kiganja alikuwa na gundi mpaka kwenye viwiko, kwa hiyo niliiweka simu sauti ya juu. Mtoto anakula? Anakula. Anaoga? Anaoga, ila maji yasimwagwe kichwani. Kisha binti akashusha sauti.

"Ameniulizia?"

Nilimkonyeza dada atie chumvi. Wapi. Akamtazama mjukuu wake, aliyekuwa amekaa juu ya gunia akipanga misumari kwa urefu.

"Hapana, mwanangu. Bado hajakuulizia."

Nilitamani kumnyang'anya ile simu. Upande wa pili nikasikia mtu analia.

"Mama," binti akasema, "jana nimelala mpaka asubuhi. Tangu nimzae sijawahi."

"Basi leo lala tena," Kiganja akamjibu.

Simu ilipokatika machozi yalikuwa yanamtiririka, na kwa gundi ile hakuwa na cha kujifutia. Nikamfuta mimi, kwa pindo la gauni langu.